Kwa Binti Aliyenishusha Jukwaani

Kishanda, Muleba
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kokugonza,

Salamu tulishapeana asubuhi, tena ulinisalimia kwa adabu zote za nyumbani, kwa hiyo nitaziruka. Umevuka kilima kwenda kumuaga bibi yako, na mimi namjua mama yangu. Hakuachii mpaka akulishe, akusalishe rozari nzima, kisha akulishe tena. Nafasi yangu ni hii. Nimekaa barazani na karatasi nilizochana katikati ya daftari la mdogo wako, na mama yako amekwisha kupita hapa mara kadhaa akijifanya anatafuta ufagio. Nimemwambia naandika makadirio ya nyumba ya mtu. Hajaamini, ila ameniacha.

Sitakuandikia mambo ya kila siku. Kula vizuri, kuficha simu ndani ya basi, kutafuta jumuiya ya kusali nayo, kujihadhari na wanaume wenye maneno matamu, hayo yote mama yako ameyasema wiki nzima, na mengine ameyarudia kwa Kihaya ili yakuingie vizuri. Kahawa za kutafuna amekufungia kwenye jani. Wakikuuliza huko Dodoma hizo mbegu ni za nini, waambie kwetu mgeni hapewi peremende, hupewa hizi.

Mimi nina jambo moja tu, na ni la jukwaani. Nimelibeba tangu lile jengo la Rwamishenye, Bukoba. Nimeshindwa kulisema mezani kwa sababu mezani mimi na wewe tunataniana, na kila nikitaka kusema jambo zito unanitazama usoni, basi nageuza kuwa utani. Kwenye karatasi hunitazami.

Naanza na lililo muhimu, maana unanijua, naweza kuanza na msingi wa nyumba nikaishia kwenye choo: naona fahari juu yako. Naona fahari mpaka nashindwa kukaa kimya. Viatu vyako vipya vya kazi viko hapa mlangoni, nimevipaka dawa mwenyewe, na kabla ya kuvipaka nilivipiga nyundo kwenye vidole kuona kama kweli vina chuma. Vina chuma. Usimwambie mama yako kuhusu nyundo.

Ulipomaliza kidato cha sita ukaniambia unataka kwenda chuo kusomea usalama na afya za wafanyakazi, nilikuuliza kama siku hizi kuna watu wanasomea kuvaa kofia. Nilicheka mpaka rubisi, ile pombe ya ndizi, ikanipalia. Wewe ulingoja, ukasema, "Tata, ukimaliza kucheka naomba nauli." Nikakupa, ila moyoni nilisema huyu angesomea ualimu au uuguzi kama watoto wa watu. Sikuona ni kazi gani mtu anaweza kuifanya kwenye jengo bila kushika mwiko. Kwangu jengo lilikuwa na fundi, saidia fundi, foremani, na tajiri anayekuja Jumamosi kulalamika. Mtu wa kuzunguka akitazama miguu ya jukwaa, huyo sikumjua ni nani.

Nilikuwa na sababu zangu. Ufundi nilifundishwa na Ta Laurenti, yule mzee aliyejenga nyumba nyingi za matofali ya kuchoma unazoziona kutoka hapa mpaka Muleba mjini. Alikuwa mtu mwema. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepungukiwa vidole, na kila mwanafunzi mpya alionyeshwa mkono ule kana kwamba ni cheti. Alisema mkono usio na kovu haujafanya kazi. Sisi vijana tuliamini. Mtu akikanyaga msumari, tulimwagia mafuta ya taa kwenye kidonda, akaendelea kupanga tofali. Saruji ikila ngozi ya miguu, unapaka mafuta ya kula jioni na asubuhi unarudi. Aliyeomba kushuka kwa sababu ya kizunguzungu alipewa jina la mwanamke, usikasirike, na jina hilo lilimfuata mpaka kwenye harusi yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuvunjika ubavu, nikamwambia mama yako nimelala vibaya. Aligundua siku aliponikumbatia. Woga kwetu ulikuwa ugonjwa, na dawa yake ilikuwa kicheko.

Halafu kuna adabu yetu, ambayo huko uendako ukiisimulia watakuona unatia chumvi. Kwetu mzee hasalimiwi kutoka juu. Akipita mzee karibu na jengo, fundi hawezi kubaki jukwaani ananing'iniza miguu juu ya kichwa chake huku anamwamkia. Unashuka. Unavua kofia, unainama, mnaulizana habari za kulala, za watoto, za mibuni, ndipo unapanda tena. Niliwahi kufanya kazi chini ya foremani asiye wa huku, alikuwa karibu kulia: "Jamani, kila mzee akipita jengo linasimama!" Tulimwona hana malezi. Mimi naipenda adabu hii mpaka leo, na sitaki uiache. Lakini unajua ilivyomfanya Kamugisha.

Wewe unamjua Kamugisha kama yule baba anayeuza ndizi za kuiva kando ya barabara pale Muleba, anayezungumza polepole na kukupa mkono wa kushoto. Hukumkuta alivyokuwa. Alikuwa fundi wa plasta, na ukuta alioupiga yeye haukuhitaji kurudiwa. Alikuwa pia na kofia ngumu ya njano aliyopewa na kaka yake aliyefanya kazi za barabara, yeye peke yake kati yetu sote, na aliivaa mpaka sokoni. Tulimtania kwamba anaogopa maparachichi.

Siku ile tulikuwa tunajenga nyumba kijiji cha jirani, na mama mzazi wa tajiri akaja kutuona, bibi mwenye fimbo yake. Sote tukashuka. Mimi nilikuwa nimepanga tofali zangu ukingoni mwa ubao ili zisinibane, nikaziacha vile vile, nikateremka mbio nisiwe wa mwisho kumwamkia. Kamugisha alikuwa tayari chini. Akavua kofia yake, akaiweka kifuani, akainama. Fundi wa mwisho aliporuka kutoka juu, ubao ukacheza na tofali moja likaserereka, likamshukia Kamugisha kichwani. Bibi alikuwa bado amemshika mkono.

Hakufa. Tulimchangia, tukampeleka hospitali, akarudi na nusu ya maneno yake na mkono wa kulia usiofumba. Na sisi tulisema nini? Tulisema ni mapenzi ya Mungu. Padre hakusema hivyo, tulisema sisi. Mke wake alipotuuliza ilikuwaje, tulimjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Lile tofali nililiweka mimi. Kila fundi alijua, hata Kamugisha anajua, na hajawahi kunitamkia neno. Nimekusimulia habari hii tangu ukiwa mdogo, na kila nilipofika mwisho nilisema "bahati mbaya." Nadhani hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko tofali lenyewe, maana miaka yote nilimsingizia Mungu kitu nilichokiacha ukingoni kwa mikono yangu. Na kesho yake, Koku, tulipanda jukwaa lile lile. Hatukubadilisha hata ubao.

Wewe ulikuwa unasikiliza kwa sikio lingine. Ulikuwa bado shule ya msingi uliponiuliza, "Tata, kwani asingeweza kumwamkia huku amevaa kofia?" Nikakukemea kwamba huko si kusalimia, na kwamba mtoto wa kike haulizi maswali ya namna hiyo. Mimi nikadhani umeelewa.

Sasa twende Rwamishenye. Ulipokuja pale kwa mafunzo yako ya vitendo, mimi sikupanga na wewe hukuomba. Chuo kilikupeleka kwa mkandarasi, mkandarasi akakuleta kwenye jengo ambako baba yako alikuwa anapanga tofali za ghorofa ya pili. Siku ya kwanza mafundi walikupokea kwa vicheko. "Ta Deo, binti yako amekuja kutuvalisha kama watoto wa chekechea!" Nilicheka nao. Ulizunguka ukitazama mbao, misumari, nyaya za mashine ya zege, ukauliza maswali, ukaandika. Jioni, kwenye kile chumba nilichokuwa nimepanga, ulipika, tukala, hukusema kitu juu ya kazi na mimi sikuuliza. Tulikuwa watu wawili tunaooneana haya.

Ikaja ile asubuhi ya baada ya mvua. Unaijua mvua ya Bukoba ikitokea ziwani, haipigi hodi. Ilinyesha mpaka kukakucha, kisha jua likawaka kama hakuna kilichopita. Sisi tukapanda. Jukwaa lilikuwa la mirunda, zile nguzo nyembamba za mkaratusi, limefungwa kwa kamba na misumari, kama majukwaa yote niliyopanda maishani mwangu. Tajiri alikuwa anakuja siku hiyo, na foremani alitaka atukute juu tunachapa kazi.

Niliwaona kutoka juu, wewe na foremani. Ulikuwa umechuchumaa kwenye mguu wa mrunda, unachomeka kijiti kwenye udongo, na kijiti kinazama bila kusukumwa. Ukamwonyesha foremani. Akatazama saa yake. Mliongea sana, sikusikia yote, ila nilisikia alipopaza sauti makusudi ili tusikie sote: "Binti, mimi sina shida. Mshushe kwanza baba yako. Ta Deo akishuka, hawa wengine watashuka." Jukwaa zima likacheka. Alijua anachokifanya. Hapa kwetu binti hamshushi baba yake mbele ya watu, na yeye alitegemea hilo limalize mjadala.

Ukaja ukasimama chini yangu. Ukapiga goti. Kwenye tope lile, na suruali yako ya kazi, ulipiga goti ukaniamkia kwa Kihaya kama unavyoniamkia hapa nyumbani, ukangoja niitikie. Na kofia ngumu ilikuwa kichwani. Nikasikia fundi nyuma yangu anaguna, "Eeh! Anamwamkia baba yake na kofia!" Niliitikia kwa kuuma meno. Ukasimama, ukasema:

"Tata, shuka. Na wote walio juu washuke. Kazi imesimama."

Nilikujibu kwa Kihaya, maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mdogo wako anaweza kuyasoma. Kwa kifupi nilikuuliza nani amekulea. Wewe ukajibu kwa Kiswahili, taratibu, kila mtu akisikia:

"Baba nimeshamsalimia. Sasa naongea na fundi."

Masikio yaliniwaka moto. Nilichukua tofali, nikaliwekea saruji, nikalipanga, nikalipima. Hakuna mwingine aliyefanya kazi. Kila fundi alikuwa ananitazama mimi. Ningechukua tofali la pili, wangeendelea wote, na wewe ungebaki pale chini na kazi yako ingekwisha kabla haijaanza. Nikakutazama. Ulikuwa umeficha mkono mmoja kwenye mfuko wa kile kizibao chako kinachong'aa, na niliona kitambaa kinavyotetemeka. Sauti haikuwa imetetemeka.

Usidhani nilishuka kwa sababu nilikuamini. Nilikuwa na hakika jukwaa ni zima, nilikuwepo lilipofungwa. Nilishuka kwa sababu niliona mwanangu anaogopa na bado amesimama. Katika malezi yangu mwenye woga alikimbia au alicheka. Sikujua kama kuna namna ya tatu, na nilikuwa na mvi tayari.

Wenzangu wakanifuata wakinung'unika. Tukafanya ulivyotaka. Tukaing'oa miguu ya mirunda kwenye udongo laini, tukatandika vipande vya mbao chini yake, tukaongeza mirunda ya mshazari, tukafunga upya palipolegea. Ulikuwa unabeba mbao pamoja nasi. Nilikusahihisha mahali pa kupigilia msumari na ukakubali bila maneno. Ilituchukua mpaka mchana.

Tajiri alifika kazi hiyo haijaisha, akakuta mafundi wote chini na ukuta haujapanda. Foremani akakunyooshea kidole. Aliyokwambia tajiri unayakumbuka kuliko mimi. Alisema umetumwa na watu kumchelewesha. Alisema msichana asiye na hata kibanda cha nyasi anakuja kumfundisha kujenga. Wewe ulimjibu kitu kimoja tu: kama anataka watu wapande kabla hatujamaliza, aseme yeye, hapo mbele yetu, na wewe utamfikishia mkandarasi kwamba amri ilikuwa yake. Akageuka, akapanda gari lake.

Na baba yako alikuwa wapi? Alikuwa kwenye pipa la maji, anasuuza mwiko uliokuwa safi. Nilisikia kila neno. Katikati ya matusi yale ulitazama upande wangu, mara moja tu, na mimi nikainama kwenye pipa. Ningeweza kusema kitu kidogo, "Ni kweli, bosi, udongo umelowa," na pale mimi ndiye niliyekuwa mzee wao, wangenisikiliza. Sikusema. Nilikuwa bado na hasira ya kushushwa, na nadhani sehemu ndogo ya moyo wangu ilitaka uonje ulichonionjesha. Mtoto wangu mwenyewe. Aibu ile ya kwenye pipa imeniuma kuliko aibu yoyote ya jukwaani.

Jioni ulipika kama kawaida, ukanipa sahani kwa mikono miwili. Nilitaka kusema. Nikasema chumvi imezidi. Haikuwa imezidi, Koku.

Jukwaa lile lilisimama mpaka ghorofa ikaisha. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyechubuka. Mafundi wakasema, "Unaona? Lilikuwa zima tangu mwanzo." Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Wewe ulikuwa umesharudi chuoni tulipolibomoa, na siku hiyo nilizunguka nikitafuta ushahidi, wa kwako au wa kwangu. Nilitazama kila mguu wa mrunda. Sikupata kitu. Ilikuwa mirunda tu, na vipande vya mbao vyenye matope.

Nilikaa juu ya rundo la mirunda ile nikala hindi la kuchoma, na hapo ndipo nilipoielewa kazi yako. Mimi nikijenga ukuta, ukuta unaonekana. Nikipita na mtu barabarani namwonyesha, ule pale ni wangu, naye analazimika kuusifia. Wewe utajenga kitu ambacho hakuna atakayekiona. Mtu atarudi nyumbani jioni, atakula, atagombana na mke wake kuhusu mbuzi, atalala, na hatajua kwamba siku hiyo mambo yangeweza kuwa mengine. Wewe pia hutajua ni yupi. Kamugisha angebaki na kofia yake kichwani siku ile, leo tungekuwa tunamtania bado juu ya maparachichi, na hakuna kati yetu ambaye angejua amenusurika na nini. Hakuna mtu atakayekubebea mkungu wa ndizi kukushukuru kwamba hakuanguka. Nimefikiri sana kama kuna kazi nyingine ya namna hiyo, nikaona ipo moja, ya mama yako, na yeye pia sijamshukuru inavyopasa.

Siku zile watu wakiniuliza sokoni binti yako anasomea nini, nilikuwa najibu "mambo ya ujenzi," kisha nabadilisha mazungumzo. Sasa wakiniuliza amepata kazi gani Dodoma, nawaambia, "Ni mtu wa kusimamisha kazi." Wanadhani ni cheo. Mimi nawaambia ni cheo, na kinazidi cha foremani. Juzi nimemwambia hivyo Kamugisha. Alicheka kwa upande ule wa mdomo unaocheka, akakaa akitafuta maneno, nami nikangoja kwa sababu yeye hungojwa. Akasema, "Mwambie... asimwonee mtu... aibu." Kisha akanilazimisha nipokee chane ya ndizi, ile uliyoikuta mezani ukauliza nani ameleta. Zimebaki chache, mdogo wako amezishambulia.

Huko uendako utakutana na akina mimi wengi, na nakuombea kitu kwa niaba yao. Fundi akikataa mkanda wa kumzuia asianguke, usimwone mjinga. Huenda anawaza kwamba akishuka leo, kesho atakuta mwingine amekalia nafasi yake. Huenda anafikiria jina atakaloitwa na wenzake. Huenda alifundishwa na mtu kama Ta Laurenti, aliyempenda, na kuvaa mkanda anaona ni kumsema vibaya marehemu. Mvute pembeni, muulize habari za kwao, mpe nafasi ya kushuka kama mtu aliyeamua mwenyewe. Na kama nafasi haipo, kama udongo umelowa na watu wako juu, basi mwaibishe mbele ya wote bila huruma. Aibu hupona. Mimi nimepona, tena nimenenepa.

Nimesikia mama yako anacheka na mtu njiani, nadhani ni wewe unarudi, kwa hiyo nafupisha. Limebaki lile linalonitisha.

Siku moja utasema shukeni, na hawatashuka. Kutakuwa na tajiri mkubwa kuliko yule, na foremani mjanja kuliko wetu, na huko juu hakutakuwa na baba yako wa kuanza kushuka. Na mtu ataanguka. Mkono wangu ni mzito kuandika hili, lakini nimekula kwa majengo maisha yangu yote, siwezi kukudanganya kwamba halitatokea. Siku hiyo watatafuta wa kumtupia lawama, na wewe ndiye utakuwa karibu. Watasema hukusema. Watasema ulisema kwa sauti ndogo. Na wale waliokusikia vizuri kabisa watakuwa wameinama, kila mmoja na kazi yake ya uongo mikononi, kama nilivyoinama mimi.

Nipigie simu siku hiyo. Usingoje upate maneno mazuri, usingoje umalize kulia. Mimi sitakwambia ni mapenzi ya Mungu, wala sitakwambia ni bahati mbaya. Wewe sema tu, "Tata, niliwaambia."

Nami nitakujibu kile nilichotakiwa kumjibu yule tajiri, kwa sauti, mbele ya watu wote: ni kweli ulisema. Mimi nilikuwa juu, na nilikusikia.

Baba yako,
Deo